Nyumba Hutazamwa Masika

Mama Tumaini,

"Mjini ni mahali pa kutafuta. Nyumbani ni kule utakakozikwa, na mwenye akili hujenga kule kwanza."

Kaka Zakaria aliyarudia maneno hayo kwenye simu Jumapili iliyopita, kwa sauti ile yake ya kufunga kikao. Aliyasema pia siku tuliyokuzika, udongo haujakauka kwenye majembe, na wazee wa ukoo wakatikisa vichwa kukubali. Siku ile nilimwachia. Leo simwachii.

Kama nyumbani ni kule mtu anakozikwa, basi binadamu anaishi miaka hamsini hana kwao, halafu anakabidhiwa kwao siku ambayo hawezi tena kufungua mlango. Hiyo ndiyo akili? Watoto wetu wawili wamezaliwa Babati. Wameugua surua Babati, wameng'oka meno Babati, na meno yenyewe wameyarusha juu ya bati la mwenye nyumba, hapa hapa Babati. Lakini ukiwauliza kwao ni wapi, tumewafundisha kutaja mlima mmoja Upareni ambako hulala siku kumi kila Krismasi, kwenye magodoro ambayo hatujayavua nailoni. Na wewe? Ulizaliwa Bonga, jirani tu na Babati mjini. Cherehani yako imenguruma sokoni Babati miaka ishirini na mmoja. Ukijumlisha siku zote ulizolala Upareni tangu nikuoe, mwaka mmoja hautimii. Na ndiko uliko.

Naandika ili nisome kwa sauti mwezi wa saba, siku ya kumbukumbu yako ya mwaka, mbele ya kaburi, Kaka akiwa amekaa kiti cha mbele. Kwa hiyo nisianze kwa hila. Maneno yale si ya Kaka. Ni yangu. Niliyaandika gazetini miaka tisa iliyopita, katika ile makala ya kuwachapa vijana wanaokimbilia viwanja vya mjini wakati paa la mama zao kijijini linavuja. Kaka alikikata kipande kile cha gazeti akakitia kwenye fremu ya kioo. Kiko sebuleni kwake mpaka leo, kando ya picha ya harusi yake. Wewe uliisoma makala ile ukiwa na pini mdomoni. Ukazitoa moja moja, ukasema, "Baba Tumaini, umeandika vizuri sana. Sasa mimi nitakaa wapi?"

Nilicheka. Nilidhani unatania.

Wewe hukuwa na gazeti. Ulikuwa na kanuni moja tu, na uliishika kuliko nilivyowahi kushika hoja yoyote: nyumba ya kununua hutazamwa masika. "Kiangazi kila nyumba ni nzuri," ulisema, "kama bwana harusi kabla ya harusi." Basi kila mwezi wa nne, Jumamosi mvua ikimwagika, wewe ulikuwa unavaa gambuti zako nyeusi, unachukua ule mwavuli uliovunjika mbavu, na futi ya kushonea inaning'inia shingoni kama kawaida. Madalali walikushangaa. Mmoja alikuambia, "Mama, subiri basi mvua ikatike." Ukamjibu, "Ikikatika nitaona nini?"

Nilikusindikiza mara chache, kwa kununa. Kule Nangara tuliona pagale zuri la kumalizia, mwenye nyumba ana haraka ya kuuza. Wewe hukutazama pagale. Ulitazama ukuta wa jirani, ukaniwekea kidole kwenye alama ya tope iliyofika magotini. Tukaondoka. Kule Singe ulimwacha muuzaji anajisifia sebule, ukaenda kumuuliza mwanamke wa nyumba ya pili, "Dada, samahani, masika choo chenu kinakuwaje?" Yule dada akacheka mpaka akashika mlango. Hakuhitaji kujibu. Mimi nikakubandika jina, Mkaguzi Mkuu wa Madimbwi, na nikalitangaza shuleni walimu wenzangu wacheke.

Halafu ukapata ile nyumba ya kwanza ya Bonga. Mahali pa juu kidogo, udongo mwekundu unaokunywa maji, mvua inapita nyuma ya nyumba wala haisimami. Ulirudi umelowa mpaka mgongoni na uso wako unang'aa. Nikasema hapana.

Nilikuwa na sababu, si unanijua. Kwanza tumalize paa la nyumba ya Upareni. Paa likaisha, nikasema dari. Dari ikaisha, nikasema marumaru, halafu grili, halafu uzio. Mara nikasema viwanja vitashuka bei, tusubiri. Mara nikasema mpangaji ni mtu huru, anahama anapotaka. Nilikupa hotuba nzima juu ya uhuru wa mpangaji, ukiwa unapika kwenye varanda ya mtu, mtungi wa gesi umeuficha nyuma ya mlango ili mwenye nyumba asilalamike. Nilikushinda kila mwaka. Watu wanaogopa kubishana na mimi kwenye mikutano ya mtaa. Wewe ulikuwa fundi cherehani wa darasa la saba, unanisikiliza huku unapiga pasi, na nikimaliza unasema, "Haya." Nilikuwa nakwenda kulala kama mtu aliyeshinda uchaguzi.

Sasa sikia sababu yenyewe, kwa sababu hukuwahi kuisikia kwangu. Bonga ni kwenu. Mama yako yuko pale, kaka zako wako pale. Siku moja, wakati ule wa nyumba ya kwanza, mwalimu mwenzangu alinikaribisha ofisini kwa mzaha: "Mwalimu, shikamoo. Tunasikia unaolewa Bonga." Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nikacheka nao. Moyoni nikaapa sitakanyaga. Mwanamume kwenda kukaa ukweni! Hoja zangu zote, Mama Tumaini, makala ile yenye fremu, hotuba za uhuru, bei ya viwanja, zote zilikuwa nguo nilizoishonea aibu hiyo moja isitembee uchi. Kicheko cha dakika moja. Kwa kicheko hicho niliwanyima watoto wangu mlango wao wenyewe kwa miaka tisa.

Ulianguka sokoni mwezi wa saba mwaka jana, mkasi mkononi, nusu ya gauni la mtu imekatwa. Presha. Siku ya tatu hospitalini ulinifinya kidole, sikujua kama ni kuaga. Ulipokata roho nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba, kwa sababu wanawake wa jumuiya yako ya kanisani walikuwa wameshaanza kuulizana turubai litafungwa wapi.

"Pole sana, Mwalimu," akaniambia. "Pole mno. Ila turubai hapa hapana. Ua ni mdogo, na wapangaji wengine wana shughuli zao."

Sikumtukana. Mimi! Ua ni wake, ukuta ni wake, na mfiwa nilikuwa mpangaji huru anayeweza kuhama anapotaka.

Jioni ile nikaenda kwenu. Kaka zako hawakuwa wakali. Mkubwa wao aliniuliza kwa upole, na upole ule naubeba mpaka leo: "Shemeji, mke wa mtu huzikwa kwa mumewe. Kwako ni wapi?" Mama yako akaongeza, "Mwanangu, huna hata mahali padogo hapa?" Nyumba ile uliyoipima ilikuwa hatua chache kutoka tulipokaa. Aliyeinunua ameigeuza ghala la alizeti. Nikatazama chini. Nikasema, "Kwangu ni Upareni."

Hivyo ndivyo ulivyoondoka Babati. Hukuingia ndani hata dakika moja. Gari la msiba lilisimama barabarani nje ya geti, wanawake wa jumuiya wamepanga mstari kando ya mtaro wakiimba, na mama yako tumemleta kwa bajaji, tumemkalisha kwenye kiti cha plastiki kwa sababu magoti yale hayawezi safari ya Upareni. Tulifungua mlango wa nyuma wa gari. Aliweka kiganja chake juu ya jeneza, akakuambia maneno mengi, taratibu, kwa Kigorowa. Dereva akawasha gari. "Mwalimu, Upareni ni mbali." Mama yako akaendelea kusema mpaka mlango ukafungwa.

Miaka ishirini na mmoja nimeoa Bonga. Nimesoma vitabu mpaka macho yameharibika. Na sikuelewa mama mkwe wangu alikuambia nini.

Nikupe habari za tangu hapo. Tumaini amerudi kazini kwake Dodoma, ananipigia kila siku kuniuliza nimekula nini, nami nadanganya. Mdogo wake, Imani, ameingia kidato cha pili, amerefuka, na ameanza kukunja uso kama wewe ninapozidisha maneno. Cherehani nimeirudisha nyumbani, nimeifunika kitenge chako cha kijani. Wateja walikuja kwa aibu aibu kudai vitambaa vyao, nami nikawa nafungua daftari lako la vipimo nijue kipi ni cha nani.

Daftari lile ndilo lililonimaliza.

Mama Juma: bega, kifua, kiuno, nyonga. Bibi harusi wa Maisaka: bega, kifua, kiuno, urefu. Halafu, katikati yao, kwa mwandiko ule ule, kama mteja aliyekuja na kitambaa: "Nyumba, Bonga." Jiko kwa inchi. Dirisha kwa inchi. Mlango wa nyuma kwa inchi. Chini yake: "Masika maji hayasimami." Nikafunua. Kurasa za nyuma: "Nyumba, Nangara. Tope magotini." Nikafunua. "Nyumba, Singe. Hapana, choo." Na kurasa za mbele zina nyumba nyingine kila mwaka: baada ya mimi kukataa, baada ya kila "haya" yako, mwezi wa nne ulikuwa unavaa gambuti na kutoka. Peke yako. Kumbe hukuwahi kushindwa hata mara moja. Ulikuwa umeniachia maneno tu, nichezee.

Ukurasa wa mwisho ni wa masika ya mwaka jana, miezi mitatu kabla hujaanguka. "Nyumba ya Mama Safari, Bonga. Sebule. Chumba cha Imani. Jiko." Vipimo vyote vipo. "Masika: kavu. Mlango wa nyuma mpaka kwa mama, hatua mia na arobaini. Baba Tumaini bado."

Bado. Hukupiga mstari chini ya neno hilo. Ungepiga mstari ningepata mtu wa kubishana naye.

Nilisubiri masika. Dalali aliniambia Februari twende, jua linawaka, nyumba inapendeza. Nikamwambia aiache ipendeze. Mwezi wa nne, Jumamosi, mvua inachapa mabati mpaka huwezi kusikia mtu, mimi na Imani tukaenda Bonga. Amevaa gambuti zako. Zinamtosha. Sikutegemea jambo hilo, nikalazimika kusimama kidogo barabarani nijifanye nafunga kamba za viatu.

Mama Safari ni yule mjane ambaye watoto wake wanataka kumhamishia Arusha. Alitufungulia, akatutazama sote wawili, akatazama nyuma yetu. "Nilijua utakuja, Mwalimu," akasema. "Ila wakati ule nilidhani mtakuja naye."

Nyumba si nzuri, nisikudanganye. Bati lina kutu upande wa mashariki. Sakafu ya sebule ina ufa, choo kiko nje, na rangi ni ile ya bluu ya zahanati uliyokuwa unaichukia. Lakini jiko ni kavu. Mvua ile yote, na jiko kavu kama ulivyoandika. Imani akatoa futi yako mfukoni akaanza kupima, mimi namsomea daftari. Kila kipimo kilikubali isipokuwa dirisha la jiko, lililozidi inchi moja. Akasema, "Hapa mama alipima haraka haraka."

Haraka ya nini? Ya kuwahi kurudi kunipikia.

Tukatoka mlango wa nyuma, nikahesabu hatua. Zangu mia na kumi na nane, ninatembea vibaya kwenye tope. Mama yako alikuwa mlangoni kwake. Nikamwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Akainama kwa shida akazishika zile gambuti miguuni mwa Imani, akazipangusa tope kwa kidole, akazitambua. Hakulia. Akaniuliza, "Mmekuja kuangalia, au mmekuja kukaa?"

Nikasema tumekuja kukaa.

Ndiyo maana nilimpigia Kaka Zakaria Jumapili. Nilitaka asikie kwangu. Akaanza na kauli yangu mwenyewe, ile ya kwenye fremu, akanitupia kama mtu anayerudisha jembe la kuazima. Kisha: "Mdogo wangu, mfiwa hanunui nyumba kabla ya mwaka. Hicho ulichonacho kwanza tukamilishe kaburi. Marumaru, mnyororo, kibanda juu. Watu watakuja mwezi wa saba, wataonaje?" Na mwisho, baada ya kukohoa: "Halafu ukweni, kweli? Wewe?"

Kaka, nakujibu hapa hapa, mbele ya huyu tuliyemzika. Nimeshamjengea mke wangu kaburi lenye vyumba vinne. Lina dari, lina grili, lina marumaru, lina makufuli matatu, na limesimama kwenye ardhi ya ukoo ambayo siwezi kuiuza wala kumpangisha mtu bila kikao chenu. Nilijenga kaburi hilo kwa miaka tisa, akiwa hai, akiwa ananiomba jiko. Lingine sijengi. Wewe na mimi na nusu ya wanaume waliopanga Babati tumefanya kosa moja: tunawajengea wake zetu nyumba za kuonwa na majirani zetu wa utotoni, halafu tunawapangishia chumba cha kuishi. Na tunaita heshima. Wakati wa kununua nyumba ni pale anayeitaka angali hai, aweze kuingia. Mahali pa kununua ni pale ambapo atakayekulilia anaweza kufika kwa miguu yake. Mambo mengine yote, bei, barabara, hati, ni mazungumzo ya dalali.

Mimi nimekosa vyote viwili, wakati na mahali. Ninanunua nimechelewa, na mwenye nyumba hayupo. Sitaki mtu anifariji kwa kusema unatuona kutoka juu. Ungetaka kutuona kupitia dirisha la jiko, si kutoka juu.

Tumeshaandikishana, Mama Tumaini. Mwenyekiti wa mtaa alikuwepo, majirani walitia sahihi, na kaka yako mkubwa pia. Karatasi ina majina ya Tumaini na Imani. Langu halimo, nitakaa kwao kama mgeni, nijifunze adabu. Tunahamia shule zikifungwa mwezi wa sita. Yule mwalimu wa mzaha aliposikia akaniuliza tena, "Mwalimu, ni kweli umeolewa Bonga?" Nikamwambia, "Ni kweli. Nimechelewa tu." Safari hii hakuna aliyecheka.

Sasa nikuage. Sitakufukua. Nimewaza, nimeuliza, na wote walioniambia hapana walikuwa na haki. Utabaki ugenini, na ni mimi niliyekuweka huko. Sitalipaka jambo hili rangi. Ninachoweza kukuahidi ni kidogo. Ufa wa sebule utazibwa, rangi ya zahanati itaondoka. Cherehani itakaa chini ya dirisha la jiko, lile lililozidi inchi moja. Na kila jioni nitazitembea zile hatua mia na arobaini, nitakaa kwa mama yako, nitajifunza Kigorowa neno kwa neno kama mtoto wa chekechea, wajukuu wa jirani wakinicheka. Siku nitakapokijua cha kutosha nitamuuliza alikuambia nini pale barabarani. Akikubali kuniambia, nitapanda Upareni nikurudie maneno yote, na safari hiyo hakuna dereva atakayewasha gari.

Pumzika, Mkaguzi wangu. Nyumba ni kavu.

Na ninyi ndugu zangu mliokaa kwenye viti hivi vya mbele, sijamaliza. Nyuma yenu kuna ile nyumba niliyoijenga, iliyofungwa makufuli tangu Krismasi. Nesi wa zahanati amepanga chumba kule chini barabarani na anaupanda mlima huu kila asubuhi na mtoto mgongoni. Mpeni nyumba. Msiipangishe, msiitishe kikao, mpeni aishi. Apike, moshi utoke, mtoto wake achafue yale marumaru, na anapokwenda kuteka maji amsalimie mke wangu. Hapa hana mtu mwingine wa kumsalimia.

Kaka Zakaria, ile fremu utaiondoa ukifika kwako. Funguo za nyumba hii unazitunza wewe, ziko mfukoni mwako. Zitoe sasa hivi, kabla hatujaimba.